Historia ya Genoveva Maestas, Aliyehesabu Udongo wa Loma del Tordo

Baba Paroko, mheshimiwa Gavana na wazee wa Pueblo ya San Eligio, majirani wa Los Fresnos, maprofesa mliotoka mbali, na nyote mliosimama kwenye jua hili, poleni kwa msiba na poleni kwa safari. Marehemu aliacha historia yake ameiandika mwenyewe, kurasa thelathini na mbili zenye tanbihi mia moja na nne, familia ikakaa kikao, ikaisoma, ikakubaliana kwamba hata yeye asingevumilia kuisikiliza akiwa wima, basi kazi ya kuifupisha akapewa mdogo wake, Onofre, dereva mstaafu wa basi la shule, ambaye ndiye anayesoma mbele yenu. Palipopungua mlaumuni msomaji, na palipozidi vilevile.

Marehemu Genoveva alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Aprili 1937, hapa hapa Los Fresnos, bonde la mto Chama, katika nyumba ile ya udongo mnayoiona ng'ambo ya mfereji, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu mzee Epimenio Maestas, mfugaji wa kondoo, na marehemu mama Rufina, ambaye kazi zake zilikuwa nyingi mno kutajwa. Alikuwa mtoto mbishi. Mama alizoea kusema kwamba wengine walipofundishwa kusema ndiyo, Genoveva alikuwa ametoka nje kukagua kama ni kweli, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliongeza mara moja tu kwamba angalau kondoo husikia wakiitwa.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1943 hadi 1950, kisha sekondari mjini Española hadi 1955, ambako alipigwa kiganjani kwa kuzungumza Kihispania uwanjani, jambo ambalo hakulisahau wala hakulisamehe, akajiunga na chuo kikuu huko Albuquerque, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1959, ya pili mwaka 1961, na ya udaktari mwaka 1968, zote katika fani ya akiolojia. Alikuwa binti wa kwanza wa bonde hili kuitwa Daktari, na kwa miaka mingi majirani walimletea watoto wenye homa, naye aliwapa chai ya mnanaa na kuwaambia waende zahanati.

Tarehe 9 Mei 1964 alifunga ndoa na marehemu Ladislao Quintana, mwalimu wa hesabu na msimamizi wa mfereji wetu kwa vipindi vinne, mtu mpole aliyejua kunyamaza, kipaji kilichohitajika sana katika nyumba ile. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tomasita, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1965, na Delfín, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1969, ambao wote wako hapa pamoja na wajukuu watano. Ladislao alitangulia mwaka 2011.

Sasa tuje kwenye kazi, maana ndiyo iliyowaleta wengi wenu. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 marehemu aliongoza uchimbaji wa magofu ya Loma del Tordo, kile kilima cha maili sita juu ya hapa, ambacho wenyewe wa Pueblo ya San Eligio, kijiji cha wenyeji wa asili waliokuwapo kabla ya Wahispania wetu, wana jina lake kwa lugha yao na wametuomba tusilisome. Humo alifukua vyumba themanini na vitatu vya wahenga wa Pueblo, akakuta vyungu, mawe ya kusagia, magunzi ya mahindi madogo kama kidole, na juu ya yote hayo akakuta boriti za misonobari zilizokuwa zimeshikilia mapaa. Wenye fani hiyo hukata kipande cha boriti na kuhesabu pete za shina, pete moja mwaka mmoja, wakajua mti ulikatwa lini. Marehemu alihesabu boriti mia moja na kumi na nne, na ya mwisho kabisa, iliyotoka Chumba cha Tisa, ilikatwa mwaka 1388. Baada ya huo hakupata mti mwingine hata mmoja.

Katika kazi hiyo aliajiri watu wa San Eligio, na miongoni mwao alikuwamo marehemu bibi Reyecita Suazo, mkandikaji. Vijana wa siku hizi wanaonunua nyumba za mbao huenda hawajui, lakini nyumba ya udongo ukiiacha mvua mbili tatu bila kuikandika inakuwa tope, kwa hiyo kila majira ya kuchipua wanawake huchanganya udongo na majani makavu, wakapaka ukuta upya kwa kiganja, juu ya ule wa mwaka jana, na bibi Reyecita alikuwa bingwa wa kazi hiyo kutoka San Eligio hadi Abiquiú. Aliajiriwa ili aziokoe kuta za kale zisiporomoke.

Siku ya Alhamisi, tarehe 21 Julai 1966, marehemu aliamuru udongo uliopakwa kwenye kuta za Chumba cha Tisa ubanduliwe wote, kwa kuwa alitarajia kukuta michoro chini yake, kama ilivyopatikana kwingine. Vibarua wakabandua tangu asubuhi hadi adhuhuri, ndoo kwa ndoo, ukatupwa bondeni. Michoro haikuwapo. Bibi Reyecita alipofika na beseni lake na kuona kinachoendelea, alisimama mlangoni, akaokota bonge moja, akalitazama ubavuni, akamwambia marehemu maneno ambayo marehemu mwenyewe aliyaandika kwenye daftari la siku ile, na ndiyo maana tunayo neno kwa neno.

"Mwanangu, hiyo mnayobandua ni miaka ya watu."

Marehemu alicheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka jinsi mwenye shahada mbili anavyocheka, akamweleza bibi huyo kwa upole kwamba mti ndio unaohesabu miaka, udongo ni udongo tu. Bibi Reyecita akaliweka bonge lile juu ya meza ya marehemu, akachukua beseni lake, akashuka kilima, na hakurudi kazini tena. Bonge likatiwa kwenye sanduku pamoja na mengine, likapelekwa katika ghala la jumba moja la makumbusho la Santa Fe.

Mwaka 1971 kilitoka kitabu chake kikubwa cha Loma del Tordo, ambacho maprofesa mnakijua kuliko msomaji, na katika ukurasa wa 214 marehemu aliandika kwamba kijiji kilihamwa mnamo mwaka 1390, na kwamba hakuna aliyerudi. Tanbihi ya 62 ilitaja kuwa kibarua mmoja wa kike, mwenyeji, ana imani tofauti. Jina hakuliandika. Kitabu kilimpa tuzo mbili, uprofesa, na mialiko hadi Meksiko na Peru, na kwa miaka thelathini kila mwanafunzi aliyeandika juu ya bonde hili aliinukuu sentensi ile kama Injili.

Na ieleweke kwamba hakukuwa na ugomvi. Kila mwaka siku ya sikukuu ya San Eligio, milango ya Pueblo inapobaki wazi na yeyote apitaye hukaribishwa mezani, marehemu alikwenda na Ladislao na watoto nyumbani kwa bibi Reyecita, wakala pilipili nyekundu na nyama na mkate wa tanuri, wakataniana kuhusu nani amenenepa, kwa miaka ishirini na mitatu mfululizo, na siku hata moja habari ya Chumba cha Tisa haikuguswa. Marehemu alidhani bibi amesahau. Bibi Reyecita alifariki mwezi Januari 1989, na marehemu alibeba maua hadi mlangoni.

Mwaka 2002 kampuni moja ya kokoto iliomba serikalini kibali cha kukichimba kilima cha Loma del Tordo. Pueblo ya San Eligio ilipinga, ikasema pale ni kwao. Mawakili wa kampuni hawakuhangaika sana, walifungua ukurasa wa 214. Siku ya Jumapili, tarehe 10 Novemba 2002, Lugarda Suazo, binti wa bibi Reyecita, alikuja Los Fresnos, akakaribishwa kahawa, hakuinywa, akatoa kitabu kwenye mkoba akakiweka juu ya meza. Msomaji alikuwapo, alikuwa amekuja kuazima tarimbo.

"Mama Genoveva," alisema, "hiki kitabu chako kinatufukuza kwetu. Mama yangu alikwambia. Ulimsikia au hukumsikia?"

Marehemu aliinuka mezani, akaenda kutafuta daftari la mwaka 1966. Wanaomjua wanaelewa uzito wa jambo hilo, maana katika miaka sitini na mitano hatukuwahi kumwona akienda kukagua neno lake mwenyewe. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa kwenye gari la msomaji, njiani kwenda Santa Fe.

Bonge lilikuwa bado ghalani, ndani ya droo, limefungwa kwenye gazeti la mwaka 1966, na kikaratasi chake kiliandikwa kwa mkono wa marehemu mwenyewe: udongo wa ukuta, hauna umuhimu. Alikisoma kikaratasi hicho, akamkabidhi msomaji akishike, akaomba meza na lenzi. Alihesabu kwa siku kumi na moja. Bonge lilikuwa nene kama kitabu cha Misa, na ubavuni lilikuwa na tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa, tabaka moja kwa kila majira ya kuchipua, na kati ya moja na nyingine uzi wa vumbi la mwaka mzima. Tabaka tisa za kwanza zilikuwa na masizi ya moto, yaani watu walikuwa wakikaa na kupika. Baada ya hapo masizi yanakoma, watu wamehama, kama alivyoandika. Lakini tabaka hazikomi. Zinaendelea, nyembamba, safi, bila moshi, moja baada ya nyingine, hadi kufikia jumla ya mia moja na sitini na saba.

Maana yake hata dereva wa basi aliielewa. Watu walihamia mtoni, na kila mwaka, kwa miaka mia moja na hamsini na minane, mtu alipanda kilima maili sita na beseni la udongo, akakikandika chumba ambacho hakuna aliyelala ndani yake, akashuka. Boriti inajua siku ilipokatwa, na hapo elimu yake inaishia. Mwaka 1388 ukiongeza tabaka tisa za moshi ni 1397, kwa hiyo marehemu alikosea miaka saba kuhusu kuhama, jambo ambalo katika fani yao ni sifa, na kuhusu kurudi alikosea moja kwa moja, na ushahidi wote alikuwa ameutupa bondeni kwa ndoo, isipokuwa bonge lile moja ambalo yule aliyechekwa ndiye aliyeliokota.

Baraza la San Eligio lilipopata habari lilikaa, likamtuma Lugarda na masharti mawili. Marehemu anaweza kusema hesabu yake mbele ya kikao cha serikali, na bonge lionyeshwe siku hiyo, lakini baada ya hapo bonge lirudishwe kwa wenyewe lizikwe, bila picha, pamoja na karatasi za hesabu, na asiandike juu yake popote. La pili, asiulize chumba kile kilikuwa cha nini na kwa nini watu walikirudia. Si la kuulizwa.

Kwa mtu wa kawaida haya ni masharti mepesi. Kwa marehemu ilikuwa sawa na kumwambia mpishi apike asionje. Alikasirika siku tatu, akasema kuwa elimu isiyoandikwa ni umbea, kuwa wenzake watamwita mzushi, na kwamba akisimama bila karatasi kuipinga karatasi yake mwenyewe, jina lake limekwisha. Ladislao alimwacha aseme yote. Siku ya nne akamwuliza tu kama jina hilo lina thamani kuliko kilima, akaenda zake kufungua maji ya mfereji. Jioni marehemu alimpigia Lugarda simu, akakubali yote mawili.

Kikao kilifanyika Santa Fe, Jumanne, tarehe 15 Juni 2004. Marehemu alisimama kwa saa mbili na dakika kumi, akaeleza tabaka kwa tabaka. Wakili wa kampuni, kijana mwenye adabu, alimuuliza kikao kimwamini mtaalamu yupi, yule aliyeandika kitabu mwaka 1971 au huyu aliyesimama leo akiwa na miaka sitini na saba.

"Yule alikuwa na macho mazuri zaidi yangu," alisema marehemu. "Masikio ndiyo hakuwa nayo. Aliambiwa na Reyecita Suazo, akacheka. Andikeni jina hilo, Reyecita Suazo, na andikeni kwamba kosa ni langu."

Siku ya tatu baada ya kikao alilibeba bonge mwenyewe hadi San Eligio, likazikwa, hakuruhusiwa kuona wapi. Kibali cha kokoto kilikataliwa tarehe 4 Machi 2005, na kilima kipo, mkigeuka kulia mtakiona.

Wahenga walisema kukiri kosa si utumwa, lakini hawakusema ni bure. Wenzake walimtaka atoe ushahidi, akasema hanao. Walitaka hata picha moja, hana. Jarida moja liliandika kwamba Profesa Maestas amezeeka na ameacha sayansi kwa ajili ya urafiki, hotuba aliyokuwa atoe huko Denver akapewa mtu mwingine, na wanafunzi aliowalea, baadhi yao wako hapa na hatuwataji, waliacha kujibu barua. Kitabu kinaendelea kuuzwa na sentensi ile ile. Jambo hilo lilimuuma, tusidanganyane msibani, lilimuuma miaka kumi na miwili, na kuna siku aliketi mbele ya karatasi nyeupe asubuhi nzima, kalamu mkononi, kisha akaenda kupalilia pilipili. Kilichomuuma zaidi alimwambia msomaji mara moja tu, ni kwamba amejua watu walirudi, na atakufa bila kujua kwa nini.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Februari 2014, moyo ukipungua nguvu na miguu kuvimba, akalazwa Española mara mbili na Santa Fe mara tatu, na mwezi Agosti mwaka huu madaktari, kwa ukweli tunaowashukuru, walishauri arudi nyumbani. Lugarda alikuja karibu kila siku na mchuzi wa mahindi, akamtania kwamba profesa mzima anakula kama shomoro, naye akamjibu kwamba mchuzi umekosa chumvi. Jumapili, tarehe 25 Septemba, Lugarda alituomba wote tutoke chumbani, akafunga mlango, akakaa naye kiasi cha nusu saa. Alipotoka alituaga, akapanda gari lake.

Msomaji aliingia, akamkuta marehemu ameketi, macho mekundu, akidai daftari na kalamu. Aliandika tarehe juu ya ukurasa, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akalifunga daftari, akamrudishia mdogo wake.

"Nimeambiwa, Onofre," alisema. "Inatosha."

Alifariki nyumbani, Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2016, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, miezi mitano na siku ishirini na tano, Tomasita akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Española na Santa Fe, hasa wale waliovumilia kusahihishwa, Baba Paroko kwa sakramenti, majirani wa Los Fresnos kwa kuni, maharage na mikate, wenzetu wa mfereji waliochimba kaburi hili kwenye mawe, na maprofesa kwa kuja, hata mliochelewa miaka kumi na miwili. Wanaoulizia daftari la mwisho tangu jana jioni, lipo, halijafichwa, mtapewa mlione, na mtakuta tarehe 25 Septemba 2016, na chini yake ukurasa mtupu. Wazee wa San Eligio na wewe Lugarda, kwenu hatuna la kusema linalotosha, tunasema asanteni.

Dada, uliyaandika yote uliyoyajua isipokuwa hili. Nenda nalo, na upumzike kwa amani.